Nilipaka Nta Mlangoni, Mama Mkwe Akaona Baraka

Shangazi Pudensiana,

Kuna mvumo mmoja ambao haujanitoka masikioni tangu mkesha wa Krismasi, mvumo mzito wa chini chini kama mashine ya kusaga inayosikika kutoka mtaa wa pili, na siku ile nilipousikia nikiwa jikoni nilidhani kweli ni mashine, mpaka nilipokumbuka kwamba mtaani kwetu hakuna mashine. Nakuandikia kwa sababu ya mvumo huo. Naomba unisaidie, na ukiona nastahili kugombezwa unigombeze, ila usinicheke, maana nimekwisha kujicheka vya kutosha na haikunisaidia.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha biolojia, na utakapofika mwisho wa barua hii utaona kwa nini somo lenyewe linanitia aibu. Naishi Ilembo hapa Mpanda na mume wangu Evodi, tuna miaka miwili ya ndoa. Evodi ni Mpimbwe wa Kasansa. Mimi nimezaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, baba yangu ni Mtanzania kama mimi lakini wazazi wake walitoka Burundi, na hilo lilimtosha mama mkwe wangu, Mama Kasilda, kukataa kuja kwenye harusi yetu. Kutoa mahari walikuja baba wadogo wa Evodi, mama yake akabaki nyumbani, akasema mbele ya ukoo mzima kwamba hatakanyaga nyumba ya mtoto wa makambini. Akaongeza, na maneno yalinifikia kama maneno yanavyofika, kwamba nyumba za watu wa kwetu zinanuka mihogo ya kuloweka.

Shangazi, mtu anaweza kusahau tusi lakini si tusi la harufu, kwa sababu harufu yako mwenyewe huwezi kuisikia, kwa hiyo huwezi hata kujua kama umesingiziwa. Kwa miaka miwili kila nikirudi kutoka shule nilikuwa nasimama kidogo mlangoni kwangu na kuvuta hewa kama mgeni, nikijaribu kusikia kile ambacho angekisikia yeye.

Basi Desemba Evodi akaniambia Mama anakuja kula sikukuu kwetu. Hakusema sababu. Alisema tu atapanda gari moja na mdogo wake Evodi na mkewe Rahel, wanaoishi Kibaoni, watapitia kumchukua. Nilijua siwezi kubadilisha nilikozaliwa, lakini niliamini naweza kubadilisha kitu cha kwanza ambacho Mama atavuta puani akifika mlangoni, na imani hiyo ilinishika kama homa. Nikanunua dawa ya kupuliza ya dukani, Evodi akapiga chafya na kuniuliza kama tumehamia choo cha gesti. Nikanunua udi kwa mama mmoja wa Karema anayepita na biashara zake, Evodi akasema Mama ni mtu wa Legio Maria, akisikia udi atauliza mganga analala chumba gani. Nikawasha ubani kidogo, nyumba ikanuka misa ya wafu, nikauzima mwenyewe kabla hajarudi.

Mwisho nikaweka sufuria jikoni, maji, maganda ya machungwa, karafuu, vijiti vya mdalasini na mchaichai, moto mdogo, na hapo kwa kweli nyumba ilipendeza, lakini harufu ya sufuria ilikuwa inaishia sebuleni na mimi nilitaka imkute mgeni nje, kabla hajabisha hodi. Nikawa nafikiri ni harufu gani ambayo mimi mwenyewe, nikiwa mdogo, ilinifanya nijisikie nimefika nyumbani, na jibu likaja mara moja, ni mikono ya Baba akitoka porini. Nta na mchaichai. Nilikuwa na bonge la nta alilonipa. Nikaliyeyusha, nikatwanga mchaichai nikachanganya, nikapaka fremu ya mlango, na kwa kuwa ilibaki nikapaka kabati jipya la viatu lililokuwa barazani, nje na ndani, ubao kwa ubao, nikisugua kwa kitambaa mpaka likang'aa. Kabati lilikuwa bado tupu. Fundi alikuwa ameacha tundu dogo nyuma, nikasema nitamwita baada ya sikukuu. Ilinukia, Shangazi. Ilinukia kama kukaribishwa.

Wageni walifika mchana. Nilisikia gari, nikafuta mikono, na wakati natoka jikoni ndipo nikasikia ule mvumo. Nilipofika barazani nilimwona Mama Kasilda amesimama getini na begi lake mkononi, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, na juu ya bati letu kulikuwa na wingu la nyuki. Rahel alikimbilia nyuma ya gari. Mama hakukimbia. Nyuki wakashuka barazani, wakazunguka mlango, wakatulia kwenye kabati, wakaanza kuingia kwenye lile tundu kama watu wanaoingia kanisani, bila kumgusa mtu yeyote. Baada ya muda hewani hakukuwa na nyuki, kulikuwa na mvumo tu ndani ya ubao.

Mama akaweka begi chini, akafanya ishara ya msalaba. Akasema, "Marehemu mama yangu alituambia nyuki hawaingii nyumba yenye fitina." Kisha akapita getini, akaja mpaka niliposimama, akanishika mikono yote miwili na kuniita mwanangu.

Na mimi nikasema, "Karibu, Mama."

Sasa nikwambie ambalo wao hawakulijua. Baba yangu anafuga nyuki. Akitaka kundi liingie kwenye mzinga mpya hufanya jambo moja, anapaka nta na mchaichai ndani ya mzinga na pale mlangoni pake, anauacha mtupu, anasubiri. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtwangia mchaichai. Nilitengeneza mzinga barazani kwangu kwa mikono yangu, nikauita kabati la viatu, na kwa sababu nilikuwa nafikiria pua ya mtu mmoja tu sikukumbuka kwamba nyuki nao wanasikia harufu. Mwalimu wa biolojia.

Jioni ile niliziba tundu kwa kitambaa kibichi, mimi na Evodi tukalibeba kabati mpaka nyuma ya nyumba, kwenye mahindi, nikafungua. Mama akanisifu kwa ujasiri. Alikaa kwetu mpaka mwaka mpya. Alipika jikoni kwangu, alinifundisha wanavyopika mchele wao wa kule Mpimbwe, alinicheka ninavyokata mboga, na mimi siku zile nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu niolewe. Sitaki kukudanganya, nilikuwa na furaha, na kila asubuhi niliamka nikisema leo nitamwambia, na kila asubuhi aliniita mwanangu kabla sijafungua mdomo.

Lakini amerudi Kasansa na habari za nyuki. Amewaambia jumuiya, amewaambia ndugu, na Pasaka anataka kukusanya ukoo watoe shukrani na mimi nisimame mbele. Hilo ningeweza labda kulibeba. Lisilobebeka ni Rahel. Mama alipita kwake Kibaoni, wakakwaruzana kwa jambo dogo la jikoni, akamwambia, "Kwa mwenzio wameingia nyuki. Kwako wewe wanaingia nzi tu." Rahel alinipigia simu analia. Aliniuliza, "Dada, niambie tu ulisali sala gani." Nilimwambia nitampigia baadaye. Sijampigia.

Evodi anajua yote. Ananiambia niache. "Unataka nini tena?" ananiuliza. "Mama amekuja, mmepatana. Usichokonoe mzinga." Na mimi nikikaa peke yangu naona ana haki, halafu namkumbuka Rahel naona hana. Nikisema ukweli, Mama atasema watu wa makambini ndivyo walivyo, wana ujanja, na hatarudi tena kwangu. Nikinyamaza, nafasi yangu katika ule ukoo imeshikwa na nta, na nta ikipata joto unajua inavyokuwa. Nifanye nini?

Ni mimi, mwenye nta mikononi,
Ilembo, Mpanda.

*

Binti yangu mwenye nta,

Umesema nisicheke. Nimecheka. Nisamehe, na sasa tuendelee.

Nianze na lile ambalo halikuwa kosa. Ulikuwa na mgeni mgumu, ukapika, ukafagia, ukanukisha nyumba. Huo ni uungwana, na anayekwambia ni ujanja hajawahi kupokea mtu anayemchukia. Nyuki hukuwaita wewe kwa kukusudia, na mgeni akiwa amekushika mikono na kukuita mwanangu, hakuna mtu mwenye akili angeanza kumpa somo la wadudu. "Karibu, Mama" ilikuwa kauli sahihi kwa siku ile.

Ila siku ile ilikuwa moja. Mlipika pamoja mpaka mwaka mpya! Mwanamke yuko pembeni yako anakufundisha wali, na wewe umeshika ukweli chini ya ulimi kama mtoto aliyeiba sukari. Unaniambia kila asubuhi alikuwahi kukuita mwanangu. Mchana hakukuwapo?

Hapo bado nilikuwa nakuonea huruma. Nilipofika kwa Rahel huruma ikapungua. Mwenzio anaitwa nyumba ya nzi kwa sababu ya kitu ulichopaka wewe, anakupigia simu analia, anakuita dada, na unamwambia utampigia baadaye. Baadaye ni lini? Wewe unayejua uchungu wa kupimwa kwa harufu ya nyumba, umemwacha mwingine apimwe kwa wadudu wa nyumba. Soma sentensi hiyo mara mbili, halafu weka gazeti chini, umpigie simu. Rahel ndiye wa kwanza, kabla ya mama mkwe na kabla ya Pasaka.

Ukimaliza, nenda Kasansa. Jambo hili halisemwi kwenye simu, na halitumwi kwa mdomo wa mume. Evodi mwache nyumbani, yeye anapenda amani ya haraka na watu wa namna hiyo hawafai kuwa wasemaji. Usitangulize zawadi, usije ukaonekana umekuja kununua msamaha. Keti chini mbele ya mama mkwe, sema kwa maneno machache ulichopaka, kwa nini ulipaka, na umejifunza wapi. Hasa hilo la mwisho. Nimesoma barua yako yote nikaona umeeleza kila kitu kuhusu pua ya mama mkwe, lakini sikuona mahali alipowahi kusikia kwamba una baba. Akikasirika, mwache akasirike, usiondoke. Mtu akifoka nawe umekaa, hasira yake inachoka mapema kuliko ukikimbia.

Kama nyuki hupima fitina, mimi sijui, na sitabishana na marehemu wa watu. Ninachojua ni kwamba ukiendelea kunyamaza, ile fitina ambayo nyuki hawakuikuta utaiingiza mwenyewe, kwa mlango huo huo uliong'arisha.

Na kwa wasomaji wengine ambao najua mtaniuliza: sufuria ya machungwa na karafuu ni nzuri, endeleeni nayo. Fungueni madirisha. Kama mgeni wako ana pumu acha udi na dawa za kupuliza. Nta muwaachie wafugaji, na mihogo lowekeni mkitaka, nyumba isiyonuka chakula inamtisha mgeni kuliko chochote.

Shangazi Pudensiana

*

Jibu hili lilikuwa halijachapwa tulipopokea ujumbe wa pili kutoka kwa binti huyo. Tunauweka hapa kama ulivyo.

Shangazi, sijui kama umekwisha kunijibu, na kama umenijibu naomba uniwie radhi kwa kukuchosha bure, kwa sababu nimeshindwa kusubiri. Nilipoiweka ile barua posta nilitoka nje nikajihisi mwepesi kidogo, nikajua kwamba nikiweza kumwambia mtu nisiyemjua, sina kisingizio cha kutowaambia ninaowajua.

Nilimpigia Rahel siku hiyo hiyo. Nilimweleza yote bila kupumzika. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba alikuwa amekwisha kununua asali, alikuwa apake dirishani jioni ile. Tulicheka mpaka salio likaisha. Alipopiga yeye, hakucheka tena, aliniambia nilimuumiza kwa kukaa kimya, nikamwambia najua.

Jumamosi nikapanda Noah ya abiria ya Kasansa. Mama nilimkuta uani anapepeta mchele. Aliuliza kama Evodi mzima, nikasema mzima, nikakaa chini kwenye mkeka na kumwambia. Hakuacha kupepeta. Nilieleza nta, nikaeleza mchaichai, nikaeleza kabati, na ungo ukawa unakwenda juu na chini kama vile nazungumza na mtu mwingine. Nilipomaliza akauliza, "Nani alikufundisha hiyo kazi?"

"Baba yangu."

"Baba yako anafuga nyuki?"

"Ndiyo, Mama. Kule Katumba. Wanamjua kwa mizinga yake."

"Miaka miwili hujaniambia baba yako anafanya kazi gani."

Nikasema, "Hujawahi kuniuliza, Mama."

Maneno hayo yalinitoka kabla sijayapima, na nilitamani kuyarudisha. Ndipo alipouweka ungo chini. Aliniuliza nani mwingine anajua. Nikamtajia Evodi na Rahel, halafu, kwa sababu nilikuwa nimekuja kusema ukweli, nikamtajia na wewe.

"Umeliambia gazeti kabla yangu?" akasema, na alinitazama kwa namna ambayo sikujua kama nitapigwa au nitacheka. Alicheka yeye kwanza. Kisha akawa anaokota chuya moja moja. Aliniambia kwamba siku ile pale getini miguu yake ilikuwa inakataa. Alikuwa amechoka na ugomvi ule tangu mwaka wa kwanza, alikuwa anamkosa mwanawe, lakini alikuwa amekwisha sema maneno yake mbele ya ukoo.

"Mtu mzima akisema mbele za watu, anarudi kwa njia gani?" akaniuliza. "Nikaona nyuki. Nikasema moyoni, haya, njia hii hapa. Sikuuliza imetengenezwa na nani."

Shangazi, nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Nililia, naye akaniacha nilie, akaendelea na mchele wake.

Baadaye alichukua simu akampigia Rahel mbele yangu. Sikusikia upande wa pili, nilimsikia yeye tu akisema lile neno la nzi lilikuwa la hasira, alisahau umri wake. Alipokata simu akaniambia Pasaka watu watakusanyika kama alivyosema, lakini habari ya nyuki hataisimulia tena. Atasema amempokea mkwe wake, basi, na atakayetaka sababu amfuate yeye. Ila, akasema, hawezi kusimama mbele ya watu kumpokea binti ambaye baba yake hajawahi kumsalimia. Akaniambia nitafute siku nimpeleke Katumba.

Najijua. Ningerudi Ilembo kutafuta siku, ningefikiri mpaka Pasaka ipite. Nikamwambia siku imekwisha patikana, achukue begi. Alinitazama, akaingia ndani, akatoka amevaa kitenge kizuri. Tukapanda gari la jioni kurudi Mpanda, akalala kwetu, Evodi hakuamini alipotuona wawili mlangoni, na leo baada ya misa ya kwanza tumekuja wote watatu.

Ninakuandikia nikiwa uani kwa Baba, nimetoka kidogo kupata hewa. Wako ndani, wamekaa. Sikumpigia simu kumwambia nakuja na nani. Najua si adabu kumletea mzee mgeni wa namna hii bila taarifa, lakini nilitaka Mama aikute nyumba hii na harufu yake kama ilivyo, Baba asiongeze kitu wala asiondoe.